Picha Iliyogoma Kuondoka

Kayanga, Karagwe
8 Machi 1999

Kaka Othman,

Salaam kutoka kwenye baridi ya Kayanga. Mama yako, Bi Mwajabu, hajambo, na barua hii nampa yeye ili ampe kondakta wa basi la Mwanza. Ukiona inanukia iliki, ujue ililala dukani kwake.

Nakuandikia kwa sababu simu ya ofisi ndiyo hiyo hiyo ya mtandao, na mkuu wetu, Bwana Byarugaba, hataki mtu mwingine aipige mbali. Kompyuta uliyonifungia mezani inanichanganya. Uliniambia kwamba hii ya kwangu haitoki nje yenyewe. Inaiomba ile ya chumbani kwa mkuu, na ile ndiyo inayotoka kuniletea ninachokitaka. Ukaiita proksi. Sawa. Lakini tangu Februari, asubuhi nyingine nikifungua, inaniandikia kwa Kiingereza kwamba proksi haijibu. Nikingoja kidogo nikajaribu tena, inajibu. Mbona inajibu inapotaka yenyewe? Waya una kasoro, au ni mimi?

Nisingekusumbua kama jambo lenyewe lingekuwa dogo. Unajua kazi yetu ni kuwatafutia watu ndugu waliopoteana wakati wa kambi za wakimbizi. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Kaisho, Polikarpi Hategekimana, mkulima wa kahawa. Dada yake Anonciata alifia kambini, akaacha binti mdogo anayeitwa Mukashema. Kambi zilipofungwa watu wakatawanyika, na mtoto akapotea. Nilimfungulia mzee ukurasa wa nyumba ya watoto iliyo upande wa Uganda, mbele ya Mbarara, wenye picha za watoto ambao ndugu zao hawajulikani. Alikuwa anatazama kwa adabu tu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoijua. Mara akavuta kiti. Akagusa kioo kwa kidole.

"Huyu," akasema. "Hilo kovu la nyusi alilipatia kwangu. Walikuja kunitembelea, akaanguka kwenye jiwe la kusagia."

Chini ya picha palikuwa pameandikwa Mukashema. Nilimpa maji, hakuyanywa.

Tuliwaandikia watu wa Kampala wanaoutunza ukurasa huo. Wakajibu kwa sentensi moja: tazameni ukurasa wetu, tunaubadilisha kila Ijumaa. Basi kila Jumatatu natazama, na mtoto yupo. Mzee anangoja hati ya kuvukia mpaka. Ninachoogopa ni mashine kunikatalia siku ile ya safari.

Nieleze la kufanya, taratibu, kama unamweleza mtoto.

Ni mimi,
Speciose Twagirayezu


Mwanza
14 Machi 1999

Dada Speciose,

Salaam nyingi. Barua imefika, na kweli ilinukia iliki, nikatamani chai ya mama.

Usijilaumu. Wewe fikiria umekaa ndani na hutoki, una mtu unayemtuma sokoni. Ukimwita kabla hajaamka, haitiki. Proksi ndiyo huyo mjumbe wako. Kwa hiyo asubuhi washa kwanza mashine ya mkuu, uiache mpaka itulie, ndipo uwashe ya kwako. Kisha fungua pale penye setingi nilipokuonyesha, uhakikishe anwani ni ile niliyokuandikia kwenye karatasi ya manjano na namba ya mlango ni 8080. Nyaya zisukume mpaka uzisikie zikilia "tik". Mambo mengine ya kompyuta ni ya kusukuma tu.

Sasa neno moja, nalo usinielewe vibaya. Kwa kuwa ulinigusa na habari za huyo mtoto, nimeufungua ukurasa huo hapa kazini. Nimetazama picha zote. Mukashema sikumwona. Hakuna jina lake wala mtoto mwenye kovu. Je, huenda ulichanganya na nyumba nyingine? Picha zile ni ndogo, na watoto walionyolewa nywele hufanana. Tena uchovu nao una mambo yake; mimi mwenyewe jioni huwa nasoma sita nikidhani ni tisa.

Mpe mzee pole yangu. Mwambie mama nimepata ule unga.

Wako,
Othman Shaaban


Kayanga
22 Machi 1999

Kaka Othman,

Sijachanganya. Sikuchoka. Na sita na tisa nazijua.

Leo asubuhi nimeufungua tena, nimemwona kwa macho yangu. Mstari wa pili, wa kwanza kushoto, gauni la bluu. Nimeuchapisha ukurasa mzima na nimeuweka ndani ya bahasha hii uutazame mwenyewe. Nilimwita na dada wa mapokezi aje aone, akaona. Kama hapo Mwanza hamumwoni, labda ni mashine yenu inayohitaji kusukumwa mpaka ilie "tik".

Nisamehe ukali. Ila nifanyeje? Hii mashine haidanganyi katika mambo mengine. Wiki iliyopita niliomba habari za mvua za Bukoba, sijawahi kuziomba kabla, zikaja. Nikaomba ukurasa wa chuo kimoja cha uuguzi, ukaja. Nimefanya yote uliyosema. Nawasha kwanza ya mkuu, ikiniuliza nabonyeza kitufe cha F1 kama kawaida, nangoja itulie, ndipo nawasha yangu. Tangu hapo haijakataa hata mara moja. Kwa hiyo umeiponya, na nakushukuru.

Na Mzee Polikarpi ameshapata hati. Alipita hapa Ijumaa amevaa koti ambalo nadhani ni la harusi yake. Akaniuliza, "Binti, bado yupo?" Nikamfungulia, nikamwonyesha. Akasimama pale muda mrefu. Mkewe ameshaandaa kitanda. Akaniuliza tena, "Niende?"

Nikamwambia nenda.

Anavuka mpaka wa Murongo wiki hii.

Speciose


Mwanza
25 Machi 1999

Dada Speciose,

Naandika nikiwa nimesimama, basi linaondoka. Mzee asisafiri kwanza! Nimeipata karatasi yako. Nimeiweka kando ya kompyuta yangu na kufungua ukurasa ule ule, anwani ile ile, herufi kwa herufi. Kwako kuna mtoto wa gauni la bluu. Kwangu pale pana mvulana mwenye kofia. Mwenzangu naye ametazama. Ameona kama mimi. Wewe huongopi, na mimi siongopi.

Halafu, F1 gani hiyo? Nilikuambia uibonyeze siku ile ya kwanza tu. Unaibonyeza kila siku? Inakuandikia nini kabla ya hapo? Na katika pembe ya chini ya kioo cha mashine ya mkuu kuna saa. Ielekeze mshale wa kipanya uniambie tarehe inayotokea.

Othman


Upande wa Mbarara
28 Machi 1999

Kwa Binti Speciose wa ofisi ya kutafuta ndugu, Kayanga.

Salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima wa mwili.

Nimefika kwenye nyumba ya watoto. Ni nyumba nzuri, ina bati jekundu na bustani ya maharage. Nilitoa hati yangu, nikataja jina la mtoto. Mlinzi akasema huyo hayupo. Nikasema yupo, nimemwona Ijumaa. Akaniuliza nimemwona wapi. Nikasema kwenye kompyuta, Kayanga. Akanicheka, halafu akaona sichekeshwi, akaacha.

Mtawa mkuu amekwenda Kampala kwa matibabu na ndiye anayejua mambo yote. Mlinzi anakumbuka hili tu, kwamba baada ya Krismasi alikuja mwanamke, akasema yeye ni shangazi, akaondoka na mtoto. Jina hajui. Anasema alikuwa mrefu na alisema Kinyarwanda.

Binti, Mukashema hana shangazi aliye hai. Upande wa baba yake walikwisha wote, ndivyo tulivyoambiwa. Basi huyo mwanamke ni nani? Nimekaa nje ya geti nikiwaza. Watu humchukua mtoto wa mtu wakamfanya mtumishi, au wakafanya mabaya kuliko hayo.

Na kuna hili nisilolielewa kabisa. Kama alichukuliwa baada ya Krismasi, mimi Ijumaa nilimwona nani? Sikukuuliza mara mbili? Wewe ni msomi na nilikuamini kama binti yangu. Sisemi umenidanganya. Nasema nimechanganyikiwa, na nikiwa nimechanganyikiwa siwezi kurudi nyumbani. Mke wangu atatazama nyuma yangu kuona mtoto yuko wapi.

Nitamtafuta huyo mwanamke huku na mpakani. Nikipata neno nitaliacha Murongo, kwenye duka la Rukaya, ambaye watu wote wanamjua.

Polikarpi Hategekimana
Kaisho


Kayanga
1 Aprili 1999

Kaka Othman,

Karatasi yako ilifika mzee ameshaondoka. Jana imefika ya kwake. Mtoto hayupo. Alichukuliwa tangu baada ya Krismasi na mwanamke anayejiita shangazi, na mzee anasema mtoto hana shangazi. Nimeisoma chooni ili wenzangu wasinione.

Wewe ulimwona hayupo na kweli hayupo. Sasa mimi kila Jumatatu nimekuwa nikimwona nani? Nimefungua tena leo. Yupo! Gauni la bluu. Ananitazama. Nimeanza kuogopa kuwasha hii mashine.

Maswali yako. Mashine ya mkuu kila asubuhi inaandika maneno meupe juu ya weusi, kitu cha betri, na cha tarehe na saa, halafu inasema bonyeza F1 kuendelea. Nabonyeza, inaendelea. Imeanza hivyo Januari, wiki ile umeme ulipokuwa unakatika na kurudi. Sikukutajia kwa sababu ulisema ikiniuliza nibonyeze F1, nikadhani ndiyo salamu yake.

Tarehe nimeitazama. Imeandika tarehe nne, mwezi wa kwanza, mwaka 1980. Mwaka huo mimi nilikuwa bado sijaanza shule.

Hilo lina uhusiano na mtoto? Nijibu haraka. Mzee yuko huko anatafuta mtu asiyemjua.

Speciose


Mwanza
5 Aprili 1999

Dada yangu Speciose,

Keti kwanza ndipo usome.

Lina uhusiano, tena ndilo lenyewe. Yule mjumbe wa sokoni niliyekuambia ana tabia moja ambayo sikukueleza, maana niliona itakuchosha. Ukimtuma kitu, hukuletea, na nakala yake huiweka stoo. Ukimtuma kitu kile kile tena, hendi sokoni. Huingia stoo na kukupa kile cha jana, kwa sababu simu ni ghali na njia ni ndefu. Ndiyo maana kurasa usizowahi kuziomba zinakuja mpya, na ule wa watoto haubadiliki.

Lakini kila nakala ina siku yake ya kuharibika. Siku hiyo ikipita, anapaswa kuitupa na kwenda kuleta mpya. Sasa yeye anajuaje kama siku imepita? Hutazama saa yake. Na saa yake imekufa betri, dada. Kila asubuhi ukiiwasha anaamka mwaka 1980, siku ile ile. Anatazama picha ya Januari mwaka huu, anaona ni ya miaka mingi ijayo, anasema hii bado mbichi kabisa, anakupa. Angekupa hiyo hiyo mpaka uzeeke.

Kwa hiyo uliyemwona ni Mukashema kweli. Ila uliona ukurasa kama ulivyokuwa Januari, mlipoufungua mara ya kwanza, kabla Kampala hawajamtoa. Mwambie mzee wewe hukusema uongo. Ulionyeshwa jana ukaambiwa ni leo, na nani angejua?

Ndani ya kifurushi hiki kuna betri, bapa na ya mviringo kama kifungo cha koti. Zima mashine ya mkuu, chomoa waya wa umeme, fungua skrubu za ubavuni. Utaiona betri ya zamani imelala kwenye kikombe chake. Ibanue kwa ukucha, weka hii, maandishi yatazame juu. Washa, weka tarehe ya leo. Kisha kwenye programu ya proksi kuna neno la Kiingereza linaloanza na C na kuishia na e, herufi tano. Lifungue, chagua kufuta yote. Ndipo ufungue ukurasa wako.

Nami nimetazama zaidi. Pale chini kuna ukurasa mwingine, wa watoto waliopata ndugu. Ufungue huo pia. Nilichokiona sitaki ukisikie kwangu, maana mara ya kwanza hukuniamini, na hata mimi nisingejiamini.

Othman


Kayanga
12 Aprili 1999

Mzee wangu Polikarpi,

Shikamoo. Naiacha barua hii dukani kwa Rukaya, Murongo, nikiomba Mungu upite pale.

Hukuona vibaya na mimi sikukudanganya, lakini tulionyeshwa picha ya zamani. Saa ya mashine ilikufa, ikawa inatupa ukurasa wa Januari ikidhani ni wa leo. Nimeifungua mwenyewe kwa bisibisi, Bwana Byarugaba amesimama mlangoni akisema nikiiharibu nitamweleza nini. Nimeweka betri. Nimefungua ukurasa. Safari hii Mukashema hakuwepo, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kutomwona.

Kwenye ukurasa wa waliopata ndugu yumo. Nanukuu kwa Kiswahili: "Mukashema, amechukuliwa na shangazi yake, dada wa baba, Nyirabageni, wa Kiruruma, Karagwe, Tanzania."

Kiruruma, mzee! Umevuka mpaka kumfuata, naye yuko huku huku nyuma yako. Je, baba yake alikuwa na dada wa jina hilo? Usizunguke tena. Rudi.

Mimi nitatangulia kwenda kumwona.

Binti yako,
Speciose


Kayanga
20 Aprili 1999

Kaka Othman,

Mashine inasema kweli sasa, lakini watu ndio wamekuwa hawasemi.

Jumamosi nilikwenda Kiruruma. Nikaulizia kwa Nyirabageni, nikaonyeshwa kibanja kilichotunzwa vizuri, migomba imefagiliwa chini. Mwanamke mrefu akatoka na jembe mkononi. Nikasalimia, nikajieleza, nikasema nimekuja kwa habari ya mtoto Mukashema.

"Hapa hakuna mtoto," akasema.

"Mama, ofisi ya Kampala imeandika kwamba..."

"Kampala wanajua nini cha hapa? Mimi ni mjane, naishi peke yangu. Uende salama."

Kaka Othman, nyuma ya nyumba kulikuwa na sare ya shule imeanikwa, ndogo, ya darasa la pili hivi. Yeye aliona nimeiona. Alihamisha jembe kutoka mkono huu kwenda huu. Nikaaga.

Njiani jirani mmoja akanifuata. Akaniambia Nyirabageni hana ubaya, ana hofu. Tangu Pasaka kuna maneno yaliyokuja na wafanyabiashara wa Murongo, kwamba kuna mwanamume anazunguka mpakani, kavaa koti, anauliza habari za mwanamke mrefu mwenye mtoto wa kike. Hasemi anamtakia nini. Tangu siku hiyo mtoto analala kwa majirani, leo hapa kesho pale.

Umeelewa? Mzee anamtafuta mwizi wa mtoto. Na mama huyu anamficha mtoto asiibwe na mzee. Nami ndiye niliyemtuma mzee, kwa hiyo hofu yote hii imetoka mezani kwangu.

Jirani nilimwambia amweleze Nyirabageni kwamba mwanamume huyo ni mjomba. Alinijibu, "Atasema mjomba alikufa. Sote tuliambiwa alikufa."

Sijui mzee yuko wapi. Rukaya ametuma salamu kwamba barua yangu imechukuliwa, lakini aliyeichukua aliisoma mlangoni akaondoka bila kuagana.

Niombee, kwa dini yako na kwa yangu.

Speciose


Mwanza
26 Aprili 1999

Dada Speciose,

Ninakuombea.

Usijibebeshe mzigo wote. Sehemu ni yangu. Nilifundisha kitufe bila kufundisha maana yake, kisha ulipoona tofauti nikakuambia umechoka. Tangu juzi nazunguka kwa wateja wangu wote nikikagua saa zao.

Mama ameniandikia kwamba hupiti tena dukani kwake. Pita. Hakuulizi kitu, atakupa chai tu.

Othman


Kaisho
10 Mei 1999

Binti Speciose,

Nakusalimu, na mke wangu anakusalimu. Nimechelewa kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa sijui pa kuanzia.

Barua yako niliisoma Murongo. Jina la Nyirabageni lilinipiga. Nilimwona mara moja tu maishani, siku ya harusi ya dada yangu, ng'ambo ya mpaka, kabla ya mambo yote. Lakini sikufurahi kama unavyodhani. Nilikuwa na hasira. Nikasema moyoni, yu hai, yuko karibu hivi, mbona hakunitafuta? Nikaenda Kiruruma na hasira hiyo hiyo, sikupita hata nyumbani.

Alinikuta nimesimama mwanzo wa kibanja chake. Ameshika jembe. Nadhani nawe unalijua hilo jembe.

"Ni wewe unayezunguka mpakani?" akaniuliza.

"Ni mimi. Namtaka mtoto wa dada yangu."

"Dada yako nani?"

"Anonciata. Mimi ni Polikarpi wa Kaisho."

Akasema, "Polikarpi alikufa. Nililia matanga yake."

Nikasema, "Na mimi nililia ya kwako."

Tukasimama hivyo. Hakuna aliyejua amwamini nani. Mimi nilikuwa na hati yangu mfukoni, lakini hati inasema nini, kila mtu ana hati. Ndipo akaniuliza, "Siku ya harusi ya kaka yangu, pombe ya rubisi ilimwagika. Nani aliimwaga?"

Binti, mambo gani mtu hukumbuka! Nikamwambia ni mimi, nilijikwaa kwenye kamba ya mbuzi wao, kibuyu kikaniponyoka mbele ya wakwe, na baba yangu hakusema nami siku mbili. Aliweka jembe chini. Akakaa pale pale kwenye majani, akajifunika uso kwa kanga. Nami nikakaa. Majirani walipokuja walitukuta tumekaa kama watu waliopigwa na radi.

Mtoto akaletwa. Amekua. Kovu lipo. Alipiga goti, akasema shikamoo, kama anavyomsalimia mgeni yeyote. Hakunijua. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba atanijua, lakini angenijuaje? Alikuwa mdogo mno.

Tumezungumza mengi na Nyirabageni, mengine kwa sauti ya juu. Nilisema ana kitanda Kaisho. Akasema ana kitanda Kiruruma, na shule, na marafiki, na usiku ameanza kulala bila kuota. Mtoto atabaki kwa shangazi, na shule ikifungwa atakuja kwetu. Mke wangu amelia, halafu amekubali, halafu amelia tena. Kitanda hatukukivunja.

Nilipotaka kuondoka, Mukashema akanisindikiza hadi mwisho wa migomba, na kikombe cha uji mkononi. Shangazi alikuja nyuma yetu. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, mama yangu nimemsahau sura. Shangazi alimwona siku ya harusi na siku chache tu. Wewe ulikaa naye?"

Nikasema nilikaa naye toka alipozaliwa.

"Alikuwa anacheka vipi?"

Nikajaribu kueleza. Nikasema alicheka vizuri, alicheka sana, lakini hayo ni maneno tu, nikaona usoni mwake kwamba hayamfikii. Basi mimi, mzee mzima, na koti langu, nikafumba macho nikacheka kama Anonciata. Alikuwa anaanza na mlio mwembamba kama mlango, kisha anapiga paja, kisha sauti inamkatika kabisa anabaki kutikisika mabega. Nilifanya yote hayo njiani, watu wakipita.

Nilipofumbua macho, Nyirabageni ameshika mdomo. Mtoto alikuwa ameweka kikombe chini. Hakucheka, hakulia. Alinitazama jinsi mtu anavyotega sikio.

Akasema, "Tena."

Ni mimi, mjomba wa Mukashema,
Polikarpi Hategekimana